Ukuta wa Jikoni Ulioliwa na Chumvi: Jumamosi Tatu za Kuutengeneza, na Chungu Kikiwa Uani

Ukuta wa jikoni kwetu Tanga ulipakwa rangi mara tatu ndani ya miaka minne. Kila mara fundi alikuja, akakwangua palipobabuka, akapaka, akalipwa, akaenda zake. Masika yakiingia, ule upande wa karo unaanza tena: rangi inavimba mapele, mapele yanapasuka, na chini yake unabaki unga mweupe laini. Mama alikuwa akiufagia kila alfajiri kabla ya kuwasha jiko, maana ulikuwa ukidondokea kwenye vyombo. Rangi ilipobabuka mara ya nne nilimwomba asiite mtu. Mimi, dada yangu na mjomba, ambaye ujanani alikuwa saidia fundi, tuliufanyia kazi wenyewe. Tangu siku hiyo masika mawili yamepita, na ukuta ni mkavu.

Nimeandika hapa tulivyofanya, hatua kwa hatua, pamoja na tulichopika. Chakula si cha kupambia habari. Ukifunga jiko la nyumba, watu bado wanataka kula, na wanaobomoa lipu wanataka kula zaidi. Tena kazi yenyewe imejaa kungoja: kungoja ukuta ukauke, kungoja lipu ikomae, kungoja rangi ya kwanza ishike. Ukijua ni lini mikono yako itakuwa huru na ni lini haitakuwa, utajua siku ipi ni ya makande na siku ipi ni ya samaki.

Kiswahili kimeliona hili zamani. Fundi mwashi ana mwiko, mpishi ana mwiko. Fundi ana karai, mkaanga maandazi ana karai. Na mwiko ni katazo pia, kwa hiyo nianze na mwiko wa kazi hii: usipake rangi ukuta wenye maji. Yote yanayofuata yanatokana na hilo. (Karai la zege, bila shaka, halirudi kupikia hata lioshwe vipi.)

Kabla ya yote, tafuta maji yanatoka wapi

Chumvi haiji yenyewe. Huwa imo tayari, ama kwenye mchanga wa pwani uliotumika kujengea, ama kwenye maji ya kisima yaliyokorogea saruji, ama kwenye udongo chini ya msingi. Maji yakipita ukutani huiyeyusha na kuileta usoni. Maji hukauka, chumvi hubaki. Chembe zake hukua nyuma ya rangi, zikaisukuma hadi inapasuka, na zikiendelea huisukuma lipu yenyewe. Ndiyo maana ukipaka juu yake, hata rangi ya bei gani, unaifunika tu kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo kaa na ukuta wako uutazame. Kama unyevu umeshika ukuta chini kwa mstari unaokaribia kunyooka, kuanzia sakafuni hadi magotini au kiunoni, maji yanapanda kutoka ardhini. Kama ni doa moja lisilokauka hata kiangazi, hapo ndani kuna bomba linalovuja. Doa linaloanzia juu na kushuka baada ya mvua ni la paa au mfereji wa bati. Na ukungu mweusi wa madoamadoa juu ya jiko, bila unga wa chumvi, mara nyingi ni mvuke wa kupikia usio na pa kutokea. Huo dawa yake ni dirisha.

Ukishindwa kutofautisha mvuke na maji ya ukutani, kata kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita. Kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, kusiwe na upenyo. Kiache siku mbili. Matone yakiwa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa nje ya nailoni, yanatoka hewani. Sisi tulikikuta kwa ndani, kimelowa kama kifuniko cha sufuria ya wali.

Bomba la maji safi lipime kwa mita. Usiku funga mabomba yote, soma namba, na asubuhi kabla hajaamka mtu isome tena. Ikiwa imesogea, maji yanapotea mahali. Bomba la maji machafu mita haiwezi kukuonyesha. Hilo utalijua kwa kumwaga ndoo ya maji kwenye karo na kusikiliza, na kwa kugusa ukuta kwa kiganja dakika chache baadaye.

Kwetu makosa yalikuwa mawili. Kiwiko cha paipu ya karo kilikuwa na ufa ndani ya ukuta, kila tulipoosha vyombo kinatema kidogo. Na nje, upande ule ule, Mama alikuwa na kitalu cha mchaichai kilichojazwa udongo mwaka hadi mwaka mpaka udongo ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Mvua ikinyesha, kitalu kinakuwa sifongo lililoegemea ukuta. Hakuna hata fundi mmoja kati ya watatu aliyezunguka nje kutazama.

Rekebisha hayo kwanza, hata kama ukuta utasubiri mwezi. Udongo wa nje ushushwe hadi uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi, na ardhi iiname ikielekea mbali na nyumba. Mchaichai tuliuhamishia kwenye uzio. Mama hakupenda siku ile, ila mchaichai haukatai kuhamishwa, ukikatwa majani na kumwagiliwa unashika.

Chagua pia majira. Usiubomoe ukuta kati ya Machi na Mei masika yakiwa yanamwagika, wala wakati wa vuli. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, ni wakati mzuri. Juni hadi Septemba pia. Sisi tulianza Juni mwishoni.

Ijumaa usiku: loweka makande

Siku ya kubomoa ni siku ya makande. Kuna vumbi, mikono yote ni michafu, na hakuna atakayekaa kukoroga. Makande yanataka moto, maji na muda, basi.

Kwa watu watano au sita chukua vikombe viwili vya mahindi makavu yaliyokobolewa na kikombe kimoja na nusu cha maharage. Chambua, osha, loweka kila kimoja kwenye chombo chake, maji yafunike mara tatu. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea yote. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayoumiza tumbo, na haiondoki kwa moto wa kuvizia. Lazima yachemke kwa nguvu, dakika 10 na zaidi, ndipo upunguze moto.

Saa 12 asubuhi tulibandika sufuria uani, kwenye jiko la mkaa, mahindi na maharage pamoja, maji mapya, bila chumvi wala nyanya. Nyanya na ndimu zikitangulia, maharage hubaki magumu hata ukae nayo hadi jioni. Wapo wanaoweka magadi ili yaive haraka. Mimi siweki: yanabadilisha ladha na kuharibu vitamini B1, na siku hii haraka ya nini?

Na jambo moja nalisema kwa msisitizo kwa kuwa jikoni pamefungwa na mvua inaweza kukushtukiza: jiko la mkaa lisiingizwe ndani, wala ukumbini, wala kwenye korido yenye mlango wazi. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua. Mvua ikija, weka bati juu ya jiko huko huko nje.

Jumamosi ya kwanza: kubandua

Toa kila kitu jikoni, na kisichotoka kifunike kwa nailoni. Zima umeme kwenye swichi kuu. Nyaya nyingi hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi, kwa hiyo juu na chini ya soketi gonga polepole. Vaa miwani ya kazi, barakoa, glavu na viatu vilivyofunika vidole. Kama rangi ni ya miaka mingi, huenda ina madini ya risasi: usiisugue kwa msasa ikiwa kavu, ilowanishe, na watoto wawe kwa jirani.

Chukua nyundo, na kabla ya tindo (patasi ya chuma ya kubandulia), gonga ukuta mzima kwa mpini. Lipu nzima hujibu kwa sauti fupi, iliyoachia hujibu kwa mwangwi wa mtungi mtupu. Zungushia chaki kila panapolia hivyo. Kisha ongeza sentimita 30 hadi 50 juu ya mstari wa unyevu, upige mstari ulionyooka. Chini ya mstari huo toa lipu yote, hata ile inayoonekana nzima, kwa kuwa chumvi tayari imo ndani yake. Kwetu ilikuwa upana wa mita 3 na kimo cha mita 1 na sentimita 20.

Tindo ishikwe kwa kulala, si kwa kusimama wima. Unachotaka ni kuinua lipu ibanduke kama ganda, siyo kuchimba tofali. Ukiona tofali linamomonyoka, au ufa unaopita kwenye tofali lenyewe na unaoweza kuingiza sarafu, simama uite mtu anayejua majengo. Hiyo si tena kazi ya Jumamosi.

Saa 3 dada alitoka kuongeza maji kwenye sufuria. Maji ya kuongeza yawe ya moto. Ya baridi yanashtua maharage.

Viungo kati ya tofali, pale saruji ya kujengea imekuwa unga, vichimbue sentimita moja na nusu hivi. Kisha fagia ukuta kwa brashi ya waya, mkavu. Hapa wengi hukosea wakaosha kwa maji ili upendeze. Maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Fagia, zoa, mwaga mbali na nyumba, na urudie kufagia kila siku chache chumvi mpya inapotokeza.

Kiwiko cha karo tulikifikia saa 5. Ufa wake haukuzidi urefu wa ukucha. Tulikata paipu pande mbili, tukasafisha ncha kwa msasa, tukapaka gundi ya paipu, tukaingiza kiwiko kipya, tukaacha hadi jioni kabla ya kupitisha maji. Usifukie kabla hujamwaga ndoo tatu nne na kupapasa kwa kidole kikavu chini ya kiungio.

Saa 6 mahindi yalikuwa yamepasuka na maharage yakibonyea kwa vidole viwili. Sasa ndiyo upishi wenyewe. Kuna nazi mbili zilizokunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa maji ya vuguvugu: tui zito la kwanza likae pembeni, la pili na la tatu jepesi yaingie sufuriani. Tia vitunguu viwili, karoti mbili, nyanya tatu, pilipili hoho, chumvi. Yachemke hadi mchuzi uanze kushika, nusu saa hivi. Mwisho punguza mkaa, mimina tui zito, na hapa ndipo mwiko unafanya kazi: koroga mfululizo, kwa kuinua kutoka chini, usifunike, usiache lichemke kwa fujo, vinginevyo litakatika na kuelea mafuta. Likianza kutoa mapovu madogo pembeni, epua.

Tulikula tumekaa kwenye ngazi za nyuma, vumbi la lipu bado kwenye nyusi. Makande yanayobaki yapashe jioni. Huwa matamu zaidi, kwa kuwa mahindi yanakuwa yamelinywa tui.

Wiki tatu za kuacha ukuta wazi

Usipige lipu siku inayofuata. Ukuta wa tofali za inchi 6 uliokunywa maji kwa miaka hautakauka kwa wiki moja. Fungua madirisha, washa feni kama unayo, sogeza vyombo vyote. Sisi tulingoja wiki tatu, tukabandika tena nailoni siku mbili, na ilipobaki kavu ndipo tukaendelea. Ingelowa tungengoja zaidi.

Neno kwa wenye nyumba za zamani. Kama nyumba yenu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Pangani, usifuate sehemu inayokuja. Kuta hizo ni nene na zimeundwa kupumua: unyevu unaingia na kutoka kupitia chokaa. Ukizivika lipu ya saruji, maji yanafungiwa ndani, mawe yanaoza taratibu na lipu yenyewe inaachia kwa vipande vikubwa. Huko chokaa kitengenezwe kwa chokaa. Hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka hewani, kwa hiyo hupigwa kwa tabaka nyembamba na kuachwa siku nyingi, na anayeijua kazi hiyo ni fundi wa chokaa, si kila mwashi. Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000 na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, kwa hiyo uliza ruhusa kabla ya kugusa ukuta.

Jumamosi ya pili: lipu

Siku hii chakula kiive kabla. Saruji ikishakutana na maji haingoji mtu aende kuonja mchuzi. Sisi tulipika mihogo ya nazi alfajiri, tukaifunga vizuri na kanga.

Mihogo iwe mitamu, ya kununua kwa mtu unayemwamini; michungu ina sumu na si ya kupika hivi. Menya, pasua, toa mzizi wa kati, kata vipande vya vidole vitatu, chemsha kwa maji na chumvi hadi ianze kufunguka. Mwaga maji hayo. Tia tui jepesi, kitunguu, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, ichemke hadi igande kidogo, malizia na tui zito na ndimu. Basi.

Sasa vifaa. Kwa eneo kama letu, mita za mraba 3 na nusu hivi, lipu ya unene wa milimita 15, mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tano, utahitaji, kwa ndoo ndogo ya lita 10, ndoo moja na nusu ya saruji na ndoo saba na nusu za mchanga. Huna haja ya mfuko mzima wa kilo 50. Nunua nusu kwenye duka linalopima kwa kilo, mradi saruji iwe unga usio na madonge. Ile ya daraja la 32.5 inatosha lipu, 42.5 iache kwa nguzo na zege. Mchanga uwe wa mto au wa machimbo ya bara, uliochekechwa. Chukua ngumi ya mchanga uweke kwenye chupa ya maji angavu, tikisa, acha saa moja. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, urudishe. Ukiulamba ukahisi chumvi, usiulete nyumbani kabisa. Maji ya kukorogea pia yawe ya bomba au ya mvua. Kisima chenye maji ya chumvi kitakurudisha ulikotoka.

Ijumaa jioni, siku moja kabla, nyunyizia ukuta maji kidogo, uwe na unyevu usiong'aa. Ukuta mkavu sana hunyonya maji ya lipu kabla haijashika. Kisha koroga saruji moja kwa mchanga mbili, nyepesi kama uji, uirushe ukutani kwa mwiko kwa nguvu ya kiwiko. Inataka kubaki na vinundu. Lipu itashikilia hapo. Iache ilale hadi asubuhi.

Koroga lipu kwa mafungu madogo, ambayo mtamaliza kwa saa moja na nusu. Changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu mara tatu hadi rangi iwe moja, halafu maji kidogo kidogo. Chota kwa mwiko, uugeuze kidogo. Lipu nzuri inakaa, kisha inateleza yote kwa pamoja. Ikibaki imeng'ang'ania ni kavu. Ikidondoka kabla hujageuza ina maji mengi. Ikianza kugumu karaini, itupe. Kuiongezea maji ili ilainike ni kuiua.

Piga kwanza vipande viwili vya mwongozo, kimoja kila upande, unene milimita 15, uvinyooshe kwa timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima. Halafu jaza katikati kuanzia chini kwenda juu, ukibandika kwa kusukuma juu na mbele kwa pamoja. Buruta rula ya fundi, ule ubao mrefu ulionyooka, juu ya miongozo miwili kwa mwendo wa msumeno. Palipo na shimo jaza, buruta tena. Mjomba alinishika kifundo cha mkono mara nyingi kabla sijaelewa kwamba mwiko unashikwa ukingo mmoja ukiwa umeinuka kidogo tu, kama unavyopaka siagi bila kuchana mkate. Mwanzoni lipu yangu ilianguka zaidi ya ilivyoshika, kwa saa nzima. Baadaye mkono ukajua.

Ikishika kiasi kwamba kidole hakizami lakini kinaacha alama, isugue kwa kibao, kwa kuzungusha, ukirushia matone ya maji. Acha chini kabisa upenyo wa sentimita mbili kati ya lipu na sakafu, ufunikwe baadaye na ubao, ili maji ya kudekia yasipande.

Saruji mbichi inaunguza ngozi polepole, huhisi hadi usiku. Ikiingia kwenye glavu, vua uoshe mara moja. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 na zaidi na uende hospitali.

Siku saba za kumwagilia, wiki nne za kuacha

Kuanzia Jumapili, nyunyizia lipu maji asubuhi na jioni, siku saba. Wengi wanashangaa: tumehangaika kukausha ukuta, sasa tunaumwagia? Haya ni maji mengine. Saruji haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kushikana na maji, na ikikaukiwa mapema hupata nyufa za nyuzinyuzi na kubaki ya vumbi. Kazi hii alifanya Mama, kwa kopo la maziwa lililotobolewa matundu. Baada ya hapo acha kabisa. Lipu mpya ina ukali unaounguza rangi, kwa hiyo wiki nne usiiguse.

Jumamosi ya tatu: rangi, na samaki wa kupaka

Nailoni kwa mara ya mwisho. Ikiwa kavu, suguza ukuta kwa msasa mwepesi, futa vumbi, ziba vitundu kwa puti.

Wengi hupenda rangi ya mafuta jikoni kwa kuwa inaoshika. Kwenye ukuta wenye historia ya maji mimi siishauri, inafunga kama nailoni. Tumia rangi ya maji ya ndani, ile inayovumilia kufutwa. Chini yake paka praima inayostahimili ukali wa saruji mpya. Lita moja ya rangi hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha ukuta wote kwa mikono miwili na inabaki ya marekebisho. Pembe kwa brashi, uwanja kwa rola, kutoka juu. Rola isikamuliwe mpaka ikauke, wala isidondoke.

Kati ya mkono wa kwanza na wa pili kuna saa tatu au nne, na hapo mikono yote iko huru. Dada alikuwa na changu wawili wakubwa, waliochanjwa na kulazwa kwenye tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu tangu asubuhi. Tui zito alilichemsha na bizari ya manjano, pilipili na ukwaju hadi likawa zito la kushika nyuma ya mwiko. Samaki wakiwa wamekaribia kuiva juu ya mkaa ndipo tui linapoanza kupakwa, tabaka jembamba, wageuzwe, lipakwe tena, hadi lishike na kuungua kidogo pembeni. Ukipaka mapema, tui linaungua samaki akiwa mbichi. Brashi yake ilikuwa bua la mchaichai lililopondwa ncha, kutoka kwenye kile kitalu kilichohamia uzioni.

Tulikula na wali wa nazi, milango yote wazi, kisha tukarudi kumalizia mkono wa pili kabla jua halijapungua.

Kabati ukilirudisha, lisiguse ukuta. Acha upana wa kiganja nyuma yake hewa ipite. Na masika ya kwanza yakija, mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo, ingia jikoni alfajiri na upitishe kiganja chini ya karo, kuanzia kona hadi kona. Mama ndiye aliyefanya hivyo kwetu. Alipitisha kiganja, akakitazama, akakipangusa kwenye kanga ingawa hakikuwa na kitu, akawasha jiko.